Kofia Kifuani

Hollywood, 9 Februari 1949

Dada Solveig,

Pokea salamu zangu kutoka nchi isiyojua theluji. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ngozi ya pua imebanduka kwa jua kwa mara nyingine. Nawaombea heri wewe na Baba, na paka pia, ikiwa bado yupo. Nisalimie usharika mzima, isipokuwa Bibi Aasen, ambaye msalimie kwa kiasi.

Nilikwambia kwamba nafanya kazi ya useremala. Haukuwa uongo mtupu, kwa maana kutwa nzima nagusana na mbao, ila nazigusa kwa mgongo, nikiziangukia kutoka juu. Mimi ni mbadala. Nyota wa filamu anapotakiwa kuruka, kuporomoka au kuvunjiwa kiti kichwani, yeye huenda kunywa kahawa nami huvaa nguo zake.

Filamu tunayoipiga sasa inaitwa *Mwewe wa Msituni*. Mfalme Godwald amewakataza raia kuwinda paa, kuokota kuni na, nadhani, kupumua. Kundi la wahalifu waliokimbilia msituni linamtoa jasho, na kiongozi wao ndiye Mwewe. Mwewe ni Bwana Roderick Vane, mtu mpole, mwenye meno ya ajabu, anayeogopa hata kupanda kigoda. Kwa hiyo Mwewe ana uso wa Vane na mgongo wangu. Tena, kwa kuwa askari wa mfalme ni haba, mimi pia ni askari mwenye ndevu nyekundu. Jumanne nilijiua mwenyewe: asubuhi nilichoma upanga nikiwa Mwewe, nimeipa kamera mgongo, mchana nikabandikwa ndevu, nikaupokea upanga ule ule. Nilikufa vizuri kuliko nilivyoua.

Ndiyo sababu ya barua hii. Katika kufa kule uso wangu unaonekana, Dada, mkubwa kama mlango wa kanisa. Filamu itafika kwenu majira ya kupukutika majani, na Bwana Lindqvist ataionyesha katika ukumbi wake. Nataka Baba aione. Najua hajalitamka jina langu tangu nilipoondoka na sarakasi badala ya kwenda seminari. Siombi anisamehe. Naomba anitazame.

Je, yeye huniulizia?

Mdogo wako, mtiifu kadiri anavyoweza,
Sverre


Nordfjell, Minnesota, 27 Februari 1949

Mdogo wangu Sverre,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa, lakini inasomeka. Tunashukuru tuko salama. Paka yupo, amenenepa na amekuwa na dharau. Wanafunzi wangu wa Kilatini wamefaulu kwa namna isiyomfurahisha mtu yeyote. Mzee Knut bado ndiye mpiga kengele wetu, ingawa baridi yabisi imemkunja. Hata hivyo hajaacha utaratibu: huivua kofia yake, huikandamiza kifuani kwa mkono wa kulia, na huvuta kamba kwa mkono wa kushoto, kama ilivyofanywa katika usharika huu tangu enzi za babu. Wewe unaujua utaratibu huo. Baba alikufundisha mwenyewe, kabla hujaona kwamba kamba ya kengele inaweza pia kumrusha mtu kutoka dirishani mwa mnara hadi kwenye ngazi, kofia ikiwa kifuani. Kufuli alilolitia Baba kwenye mlango wa mnara kwa ajili yako bado lipo. Ufunguo hukaa katika mfuko wa kizibao chake, na kila Jumapili Knut analazimika kuuomba.

Habari ya useremala nimeipokea bila mshangao. Seremala huandika kuhusu mbao. Wewe ulikuwa ukiandika kuhusu michubuko.

Kuhusu ombi lako, kumbuka tabia ya Baba. Halaani kitu ambacho hajakichunguza kwa macho yake. Wakati wa kampeni ya kupinga pombe aliingia kilabuni, akanywa bilauri moja ya bia, kisha akautangazia usharika kutoka mimbarini kwamba ni chungu. Sinema hajailaani kwa sababu hajaiona, na hajaiona kwa sababu hakuna aliyeleta malalamiko rasmi. Malalamiko rasmi huletwa na Chama cha Akina Mama. Mwenyekiti wa chama hicho ni Bibi Aasen, yule unayetaka asalimiwe kwa kiasi. Nimemsalimia sana.

Kuhusu swali lako la mwisho: theluji imefika madirishani.

Dada yako,
Solveig


Hollywood, 20 Machi 1949

Dada Solveig,

Nimefurahi kwamba paka ana dharau. Ina maana nyumba haijabadilika. Huku ni salama. Vane anakusalimu. Nimemsimulia habari za samaki wetu wa kulowekwa magadi, akaniuliza kama tulikuwa tukimla kwa adhabu.

Juzi tulipiga tukio kuu. Mfalme Godwald yuko mezani. Meza ni ndefu kama ghala, na anakula peke yake: batamzinga mzima na lundo la viazi. Hakuna anayethubutu kuketi naye. (Nilikumbuka mtu fulani. Sitamtaja.) Ghafla Mwewe anapita dirishani akining'inia kwenye kamba, anavuka ukumbi juu ya vichwa vya askari, na anatua katikati ya viazi.

Nikaruka, nikatua. Mwongozaji wetu, Bwana Kessler, akapiga ukelele.

"Simama hapo hapo! Nani kakwambia ushike kofia?"

"Kofia gani, bwana?"

"Hiyo uliyoikumbatia kifuani, kama umekuja kuposa!"

Nikatazama chini. Kweli, ilikuwa pale, chini ya mkono wangu wa kulia. Naapa sikujua.

"Samahani, bwana. Nitarudia."

"Urudie? Ukirudia bila kofia nakufukuza! Mtu anakwenda kumpindua mfalme na bado ana adabu! Vane! Weka kahawa chini, njoo ujifunze kofia!"

Sasa maskini Vane anaikandamiza kofia kifuani katika kila tukio, hata anapobusu. Jana aliniuliza, "Sverre, hii ni heshima kwa nani hasa?" Nikamjibu kwamba ni kwa mfalme ambaye hajamwua bado. Ningemwambiaje ukweli?

Tuliurudia mruko huo mara nyingi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisimama chini ya mnara na kufoka, "Kamba huachiwa kabla haijaanza kurudi!" Safari ya mwisho kamba ilirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Si kitu.

Je, Baba huniulizia?

Sverre


Nordfjell, 14 Aprili 1949

Mdogo wangu Sverre,

Salamu za Pasaka. Barafu ya ziwani imepasuka, Knut ametabiri mafuriko kama kila mwaka, na mimi nimepata mafua kama kila mwaka.

Mwambie Bwana Kessler kwamba katika karne anayodai kuionyesha, viazi na batamzinga wote walikuwa ng'ambo ya pili ya bahari, na hakuna mfalme wa upande wa Godwald aliyewahi kuwaona. Ampe Godwald njegere na nguruwe mwitu. Dhalimu naye anastahili kutendewa haki katika jambo la chakula.

Ulinganisho uliouweka katika mabano haukunipendeza, tena si sahihi. Baba hali peke yake. Anakula nami, na kiti cha tatu kiko pale pale kilipokuwa. Baba husema hakijaondolewa kwa sababu sakafu ya upande ule haiko sawa.

Bibi Aasen alikuja kunywa kahawa. Nilimtajia filamu yenu, kama habari tu.

"Nasikia wanaume wamevaa suruali za kubana," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Zinabana kiasi gani?"

"Sijui, Bibi Aasen. Sijaziona."

"Hao wanaume ni wengi?"

"Msitu mzima."

"Bwana wangu!"

"Ndiyo maana nasema ingefaa aziangalie mtu mwenye mamlaka ya kiroho."

"Na mimi mwenyekiti nitakuwa naye," akasema haraka, "ili nishuhudie."

Malalamiko yake yana kurasa nne. Yanahusu filamu ambayo haijamalizika kupigwa. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akiwa na furaha kiasi hiki.

Andika mapema. Ule mwisho wa barua yako, "si kitu," haukuniridhisha.

Solveig


hollywood, 2 julai 1949

dada solveig,

salamu. samahani kwa kukawia. naandika kwa mashine ya vane, ambayo herufi zake kubwa zimeharibika. mimi ni mzima kabisa. hali ya hewa ni nzuri. chakula ni kizuri.

nilimpa kessler ujumbe wako. alisema watu hawaji sinema kutazama njegere, kisha akauliza kama unatafuta kazi.

sasa habari mbaya. wakataji wa filamu wamegundua kwamba askari mwenye ndevu nyekundu anayekufa ukutani ndiye huyo huyo anayerusha maua kwenye arusi ya mwewe. ni kweli, siku ile walipungukiwa watu wa kushangilia, wakanisukuma mbele na ndevu zangu. ikabidi waamue niondolewe wapi. wakaniondoa kote. kufa kwangu kumekatwa, na furaha yangu kwenye arusi imekatwa. katika filamu nzima nimebaki mgongo tu.

kwa hiyo mwambie bibi aasen aache. usimsumbue baba. hakuna cha kutazama, maana hakuna mtu anayeweza kumjua mwanawe kwa kisogo. nilikuwa nikitaka anione usoni, basi. tusiseme tena.

je, huniulizia?

sverre


Nordfjell, 16 Julai 1949

Mdogo wangu Sverre,

Tunaendelea vyema. Joto ni kali, na paka analala ndani ya sinki.

Mashine iliyoharibika herufi kubwa haiwezi kuandika alama ya kuuliza, kwa kuwa zote mbili zinahitaji kitufe kile kile kibonyezwe kwa mkono mwingine. Wewe umeandika alama ya kuuliza moja katika barua nzima. Kutokana na hilo napata mahitimisho mawili. La kwanza: mashine ni nzima, na kilichoharibika ni mkono. La pili: kuna sentensi moja tu ambayo uliona inastahili maumivu hayo.

Ni bega lipi?

Malalamiko hayawezi kurudishwa. Yamesomwa mbele ya baraza la wazee, na Baba ameshayatia alama kwa penseli. Atakuja kuitazama filamu hiyo, iwe na uso wako au isiwe nao.

Sijalijibu swali lako kwa sababu jibu si mali yangu. Nikikwambia "hapana," nitakuwa nimesema kweli kuhusu mdomo wake na uongo kuhusu mambo mengine yote. Siandiki uongo, hata wa nusu.

Usinyanyue kitu kizito.

Dada yako,
Solveig


Hollywood, 18 Septemba 1949

Dada Solveig,

Salamu kwako, na kwa paka sinkini. Kama unavyoona, herufi kubwa zimepona.

Bega ni la kushoto. Lilitoka mahali pake kwenye ule mruko wa mwisho, likazidi kuharibika baadaye, nalo ndilo la mkono ninaoandikia, na daktari anasema nisining'inie tena juu ya kitu chochote. Nisimung'unye maneno: kazi ya mgongo imekwisha. Vane alikwenda kwa Kessler, akamwambia kwamba asiponitafutia nafasi yeye atapanda kamba mwenyewe. Kessler aliogopa sana. Sasa nawafundisha waigizaji wachanga namna ya kuanguka. Wengi wanaanguka kama meza.

Filamu imetoka. Niliitazama nikiwa nyuma kabisa. Ukumbi mzima ulipiga makofi kwa ile kamba, na kijana mmoja aliyeketi mbele yangu akamwambia mchumba wake, "Vane huyo! Hana hofu hata kidogo." Nikakohoa tu.

Mambo yakienda vibaya kwa Baba, usinieleze. Niandikie habari za paka. Nitaelewa.

Sverre


Nordfjell, 6 Novemba 1949

Mdogo wangu Sverre,

Salamu kutoka kwetu sote. Theluji ya kwanza ilianguka jana asubuhi, nasi tu wazima, kasoro michubuko nitakayoieleza mahali pake.

Sina habari za paka.

*Mwewe wa Msituni* ilifika kwa Bwana Lindqvist katikati ya Oktoba. Baba aliingia Jumamosi mchana akiwa amevaa joho lake jeusi, akaketi safu ya mbele, saa mkononi. Bibi Aasen alikuwa kushoto kwake na mimi kulia. Nusu ya usharika ilikuja, ili kumsindikiza mchungaji, kama walivyosema. Wote walidai kwamba hawajawahi kukanyaga ukumbi ule. Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyekalia viti vinavyolia, na Bwana Lindqvist alilitambua hilo kwa tabasamu la Kiswidi ambalo sikulipenda.

Baba hakusema neno hadi mfalme alipoketi mezani. "Viazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetia alama ya kosa. Kisha akaendelea kumtazama Godwald akila peke yake, na ile saa akaishusha magotini.

Ndipo ulipopita dirishani.

Sikuwa na haja ya kukutafuta. Ulikuwa umetugeuzia mgongo, mkono wa kushoto juu ya kamba, na wa kulia ukiikandamiza kofia kifuani, hivyo hivyo kama siku zile mnarani. Nyuma yetu nilisikia vishindo vidogo vya nguo: Mzee Knut alikuwa amevua kofia yake, na wanaume wa safu yake wakafanya vivyo hivyo, kwa mazoea ya ibada. Baba alisimama. Kivuli chake kilimfunika Mfalme Godwald.

"Achia!" akafoka. "Achia sasa! Inarudi hiyo, mtoto we!"

Ukaachia. Ukatua. Mwewe akageuka, na tukaona meno ya Bwana Vane.

"Huyu siye," Baba akasema.

"Siye nani, Mchungaji?" Bibi Aasen akauliza.

Baba alibaki amesimama. Nyuma watu walikuwa wakimwomba aketi, kwa heshima zote.

Alirudi kuitazama Jumatatu, na tena Jumatano, akieleza kwamba uchunguzi haujakamilika. Lindqvist anasema siku hizo zote mbili aliondoka mara tu baada ya kamba. Jumapili akapanda mimbarini kutoa matokeo. Bibi Aasen alikuwa ameketi mbele, tayari. Kuhusu suruali, Baba alisema hakuziangalia. Kuhusu mfalme, alisema kwamba wahalifu wa msituni wanajidanganya wakidhani wamempindua. Mtu yule alikuwa ameshapinduliwa na meza yake mwenyewe, tangu siku ya kwanza alipoketi pale na kukubali viti vibaki vitupu. Hapo akayakatisha mahubiri mapema kuliko ilivyo kawaida ya Kilutheri. Kisha akatangaza wimbo.

Chakula cha mchana siku ile alikileta mezani mwenyewe. Alikitazama kiti cha tatu, akakitikisa kwa mkono. "Sakafu ya hapa iko sawa," akasema. Nikajibu kwamba nimekuwa nikilijua hilo kwa muda mrefu.

Sasa nafika jana. Alasiri nilikuwa nikisahihisha madaftari niliposikia kengele. Haikuwa saa ya ibada wala hakukuwa na msiba, na ililia bila mpangilio wowote: mlio mkubwa, kimya, mlio wa kujikwaa, kisha kishindo. Nilikimbia bila koti. Kufuli lilikuwa limewekwa juu ya kizingiti, wazi, ufunguo ukiwa ndani yake. Baba alikuwa ameketi sakafuni chini ya ngazi, miguu ameinyoosha mbele, viganja vyekundu kama vilivyochomwa, na kofia kifuani. Ana umri wa miaka sabini na mmoja.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimechunguza."

"Umechunguza nini?"

"Kama inawezekana kutoka dirishani hadi kwenye ngazi."

"Inawezekana?"

Alifikiri kwa uangalifu. "Kwa mtu fulani," akasema.

Nilimwinua, nikamwosha viganja, nikamfunga vitambaa. Kalamu haiwezi kuishika kwa sasa. Baada ya chai akakohoa, akatazama dirishani, na akasema, "Unamwandikia lini?"

"Namwandikia nani, Baba?"

Nakiri kwamba nilielewa vizuri sana. Lakini nimelibeba swali lako tangu Februari, na sikuona sababu ya kumrahisishia.

"Unajua."

"Napenda kuwa na uhakika. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Akaitazama mikono yake iliyofungwa, akanitazama mimi, na nikamwona akivuta pumzi kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa dirisha.

"Mwandikie Sverre," akasema. "Mwambie Sverre kwamba safari hii aliachia kwa wakati."

Sikumtajia habari za bega. Njoo umweleze mwenyewe. Mlango wa mnara uko wazi, na kiti kiko pale pale.

Dada yako,
Solveig